Swali la Kumi na Saba

Fridley, Alhamisi mchana

Mwanangu Mghoi,

Barua huanza kwa kumuuliza mtu kama ni mzima. Wewe najua u mzima, maana nakusikia chumba cha pili ukibishana na baba yako juu ya uzito wa sanduku. Amelipandisha kwenye mizani ya bafuni mara nne, na kila mara anatoa jozi moja ya viatu vyako na kuingiza pakiti nyingine ya majani ya chai, kana kwamba India hakuna majani ya chai. Mwache. Hajui kulia kwa njia nyingine.

Mimi nimewaambia naumwa kichwa, nikajifungia chumbani na daftari lako la zamani la hesabu. Siumwi kichwa. Naandika, na ninaandika kwa Kiswahili makusudi. Nikikuambia kwa Kiingereza utanijibu kabla sijamaliza, nami leo nataka unisikilize mpaka mwisho. Kiswahili unakisoma polepole, midomo ikicheza. Basi soma polepole.

Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa wala usipande pikipiki ya mtu usiyemjua. Hayo umeambiwa na shangazi zako wa Lakeville Jumapili, kwa sauti, kwenye maombi ya kukuaga. Mchungaji naye akaomba ndege isitikisike. Nilisema amina kwa yote. Lakini jambo ulilolihitaji kweli kuambiwa kabla ya kuingia nyumba ile, pale kanisani hakuna aliyelijua ila mimi, nami nilikuwa nimejipa kazi ya kugawa sambusa.

Jambo lenyewe ni hili. Mzee unayekwenda kuandika habari za maisha yake, huyo Kaka ambaye umelelewa kwa hadithi zake, nilimkosea. Nilimkosea vibaya, naye hajui, au tuseme sijui kama anajua. Unakwenda kukaa kwake miezi kumi, kula kwake, na utalala katika chumba kilekile nilicholala mimi, ukiwa binti yangu. Wiki hii nimekuita mara tatu, "Mghoi, njoo kidogo," na mara tatu nimeishia kukuuliza kama umekula.

Wiki iliyopita ulinipa karatasi ya maswali utakayomwuliza. "Mum, just check if any of these sound rude," ulisema, ukaiacha mezani ukatoka. Maswali arobaini, umeyapanga vizuri, nilijivunia. Nikafika la kumi na saba: ni nani aliyewaambia watu wa serikali kwamba wale wabunge watatu wamejificha nyumbani kwako? Nikalikata kwa kalamu nyekundu. Uliporudi nikakuambia swali hilo litamuumiza mzee wa watu bure. Ukacheka. "Mum, seventeen is the whole project." Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Acha nianze na Kaka mwenyewe, maana hadithi nilizokusimulia ulipokuwa mdogo zilikuwa za kweli, isipokuwa pale nilipojiweka mimi.

Nilifika India nikiwa na miaka ishirini, kutoka Voi, kusomea biashara. Vyuo vya nyumbani vilikuwa vikifungwa kila mara kwa migomo, na wazazi wenye uwezo kidogo walikuwa wakitupeleka kule. Ulikuwa mji wa vyuo, wenye kibaridi asubuhi. Nilizunguka siku nne nikitafuta chumba. Mwenye nyumba akishaniona mlangoni, chumba kilikuwa kimepata mtu dakika hiyohiyo. Kaka hakuniuliza chochote ila kama najua hesabu. Watu wote walimwita Kaka, ambalo kwao ni baba mdogo, na mkewe walimwita Kaki. Akanipa chumba cha juu ya paa, chenye dirisha moja na mlango wa bati.

Alikuwa mtoto wa fundi cherehani, na kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa hesabu. Katika ujana wake serikali ya nchi iliwakusanya wapinzani ikawaweka ndani bila kesi, naye alikuwemo. Alikaa mwaka na nusu, akiwafundisha wezi kugawanya sehemu. Alipotoka akagombea ubunge wa jimbo, maana kule kila jimbo lina bunge na serikali yake, kwa chama kidogo cha wakulima. Akashindwa. Akagombea tena, akashindwa. Mara ya tatu akapita. Kule kila chama kina alama yake kwenye karatasi ya kura, ili hata asiyejua kusoma ajue pa kutia mhuri, na alama yao ilikuwa ungo. Siku za kampeni wafuasi walimletea nyungo mpaka stoo ikajaa, na Kaki akazipepetea mchele miaka yote iliyofuata. "Chama hiki," alikuwa akisema, "angalau kimenipa vyombo."

Kila asubuhi saa moja mlango wa mbele ulifunguliwa, na watu walikuwa wameshapanga foleni na mafaili kwapani. Huyu amekatiwa maji, yule faili la pensheni ya marehemu mumewe limepotea ofisini. Kaka aliwaandikia barua kwa mkono, karatasi ya kaboni chini yake, na nakala akaiweka. Aliniambia mpinzani hana barabara ya kugawa wala kazi ya kumpa mtu, ana kalamu tu, kwa hiyo angalau aandike vizuri. Barua za Kiingereza alinipa mimi. "Mwandiko wako unasomeka, beti," alisema. Beti ni binti. Nilijiona mtu, Mghoi. Katika mji ambao watoto walinifuata barabarani kunitazama nywele, nilikuwa na kiti changu kando ya mbunge.

Mwaka wangu wa pili, upinzani ulileta kura ya kutokuwa na imani na serikali ya jimbo. Haya wewe unayajua kwa vitabu, mimi niliyaona yakipanda ngazi. Hesabu zilikuwa zimekaribiana sana. Serikali ikaanza kuwatafuta wabunge wa upinzani mmoja mmoja, huyu anaahidiwa uwaziri, yule anakumbushwa kesi yake ya zamani. Wakati kama huo vyama vya kule vina desturi yao: vinawapakia wabunge wao ndani ya basi, vinawapeleka hoteli ya mbali, vinawakatia simu za vyumbani na kuwalisha vizuri mpaka siku ya kura, wasije wakanunuliwa. Chama cha Kaka kikaleta basi. Kaka akakataa. "Mtu ukimfungia ili asiuzwe," alisema, "umeshakubali kwamba ni bidhaa." Alikuwa na wabunge watatu wapya, aliowaingiza kwenye siasa yeye mwenyewe, na ndio waliokuwa wakiyumba. Akawaahidi wakubwa wa chama kwamba hao watakaa kwake, watakula kwake, na siku ya kura atapanda nao treni mpaka bungeni. Wakubwa wakakubali kwa shingo upande.

Wakapewa chumba changu.

Hapo ndipo inapoanza hadithi uliyokuwa ukiniomba niirudie. "The chapati one, Mum." Jinsi nilivyowapisha chumba kwa moyo mmoja, nikasukuma chapati za watu waliokuwa wakitafutwa na serikali nzima, nikazipandisha ngazi nimezifunika kwa kanga. Uliiandika kwenye insha yako ya kuomba ufadhili, tena sentensi ya kwanza kabisa: mama yangu aliwahi kuwaficha wabunge watatu chumbani kwake. Ulinisomea ndani ya gari tukienda Hopkins. Nikashika usukani nikasema ni nzuri. Waliokupa nafasi wakakuandikia kwamba sentensi hiyo ndiyo iliyowakamata. Chapati ni kweli nilisukuma. Kanga pia ni kweli.

Lakini sikuwapisha kwa moyo mmoja. Ilikuwa wiki ya mitihani, nami nilihamishiwa jikoni, kwenye mkeka kando ya mitungi ya maji. Wale watatu walikuwa wanaume wazima waliochoka kukaa. Walicheza karata juu ya meza yangu, wakaandika pointi zao nyuma ya noti zangu za uhasibu, na wakitaka chai walinipigia makofi kutoka juu. Nilikuwa na hasira, hasira ndogo ya kijinga ya mtu aliyechukuliwa meza yake. Hiyo sikuwahi kukusimulia. Ingeharibu utamu.

Na kibali changu cha kukaa nchini kilikuwa kimepitwa na siku tisa. Sisi wanafunzi wageni tulitakiwa kila mwaka kwenda ofisi ya polisi ya kuandikisha wageni ili kipigwe mhuri upya. Kwa mitihani, na kwa uzembe wangu mwenyewe, niliiacha tarehe ikapita. Asubuhi moja nikaenda, nikiogopa kurudishwa nyumbani.

Inspekta alikuwa mtu mpole. Hilo nataka ulikumbuke. Alivaa sweta ya kahawia iliyofumwa nyumbani, akaniagizia chai kwenye gilasi ndogo, akaniambia Kaka ndiye aliyemfundisha mdogo wake hesabu. Kisha akaniuliza kwa namna ambayo hakuna aliyekuwa ameniuliza tangu nitoke Voi. Wa nyumbani hawajambo? Kaka hajambo? Kaki je, na miguu yake? Na wageni?

Unajua nilivyolelewa. Kanisani salamu zangu huchukua nusu saa, mpaka unanivuta mkono. Bibi yako alitufundisha kwamba mtu akikuuliza wa nyumbani, unamjibu mmoja mmoja, la sivyo umemdharau. Basi nikajibu. Kaka hajambo, Kaki miguu inamsumbua kidogo, wageni nao hawajambo, wote watatu. Yalinitoka kabla sijayafikiri. Inspekta akaendelea kukoroga chai yake.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba mambo yaliishia hapo. Msichana mgeni, adabu za kwao, ulimi ukateleza. Hata kwa Mungu nilikuwa naomba msamaha wa kuteleza.

Hayakuishia hapo. Aliweka kibali changu mezani katikati yetu, na mhuri kando yake. Akauliza: hao wageni wamelala wapi, nyumba yenyewe si ndogo? Hapo nilishaelewa. Nilielewa kabisa ananiuliza nini na kwa nini. Hakunitisha. Laiti angenitisha, leo ningekuwa na cha kujitetea mbele yako. Nilitazama ule mhuri, nikakumbuka karata juu ya meza yangu, nikasema wako chumba cha juu, kina ngazi ya nje upande wa nyuma, na asubuhi huwa hakuna mtu upande huo. Ngazi hakuniuliza, Mghoi. Ngazi niliiongeza mimi.

Akapiga mhuri, akanirudishia kibali kwa mikono miwili. Akaniambia nisalimie nyumbani.

Kesho yake magari mawili yalikuja wakati Kaka yuko mbele na foleni yake. Watu wa serikali wakapanda ngazi ya nyuma. Hakukuwa na makelele wala ngumi. Walizungumza labda nusu saa, kisha wale watatu wakashuka na mabegi yao, nywele wamechana. Jioni tuliwaona kwenye televisheni wakivishwa mashada ya maua na chama tawala. Kaki alikuwa ameshakanda unga wao. Akachoma chapati zote hata hivyo, tukazila sisi siku mbili.

Serikali ilipona kwa kura chache. Chama kikamwita Kaka. Wakubwa wakamwambia: wewe ndiye uliyekataa hoteli, wewe ndiye uliyeng'ang'ania wakae kwako, sasa sema uliwauza kwa nini. Wakampa nafasi ya kujitetea. "Wameondokea kwangu," akasema. "Mlango ni wangu." Hakumtaja mtu. Wakamfukuza chama, na ungo wakamnyang'anya. Aligombea mara mbili peke yake, akaambulia kura za majirani. Mtu aliyekaa gerezani bila kesi na asipige magoti, vijana wakawa wanampigia miluzi sokoni wakimwita dalali. Foleni ya asubuhi ikapungua mpaka wakabaki wajane na wazee. Lakini saa moja mlango ulifunguliwa vilevile, na karatasi ya kaboni ikawekwa vilevile.

Nami niliendelea kumwandikia barua zake za Kiingereza. Mwaka mzima na zaidi nilikaa kwenye kiti kilekile kando yake, nikisikia watu wakipita nje na kutupa maneno, na mdomo nilikuwa nao.

Siku ya kuondoka, nimeshamaliza chuo, alinisindikiza mpaka stesheni. Begi langu alilibeba yeye, akakataa katakata nilishike. Akaninunulia mapera yaliyokatwa, yamepakwa chumvi na pilipili, kwa sababu alijua nayapenda. Treni ilikuwa imeshasimama. Akaniuliza, huku akiangalia mkanda wa begi, "Beti, wale wa ofisi ya wageni, wakati ule, walikusumbua?"

"Hapana, Kaka," nikasema. "Walikuwa wazuri sana."

Akafunga ule mkanda vizuri. "Basi vizuri," akasema. Akasubiri chini ya dirisha langu mpaka treni ikatoka.

Sijui kama alijua. Nimeligeuza swali lile kila upande kwa miaka thelathini na kitu. Labda aliuliza tu kama mzazi. Labda alikuwa ananifungulia mlango ili nipite mwenyewe, nami nikaufunga kwa heshima zote. Yale ya ofisini niliyafanya nikiwa na hofu na hasira, na makaratasi yangu yako mkononi mwa mtu. Ya stesheni niliyafanya nikiwa na tiketi mfukoni, simwogopi yeyote. Hayo ndiyo nisiyoweza kujisamehe.

Baada ya hapo nikatuma kadi. Kila sikukuu yao ya taa, tangu nifike Marekani, kadi imetoka hapa Fridley kwenda kwake, na wewe ndiye uliyekuwa ukilamba stempu. Alijibu kila mwaka, akiwaulizia nyote kwa majina, mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka na mjukuu wake akachukua kalamu. Kaki alipofariki nilituma kadi kubwa zaidi. Nadhani ndiyo maana nilikuwa hodari wa kadi: zina nafasi ndogo ya kuandika.

Ukiniuliza kwa nini nasema sasa, sababu ni wewe. Majira ya baridi yaliyopita wanaume wawili wa idara ya uhamiaji walibisha hodi hapa. Walikuwa wapole. Mmoja aliyasifia maua yangu ya Krismasi mlangoni, akaniuliza hali, kisha akauliza familia ya ghorofa ya juu, baba huwa anatoka saa ngapi kwenda kazini? Nikasema sijui. Wana watoto wangapi? Sijui. Mtoto wao mdogo anakuja hapa kula ugali kila Jumanne, unajua kwamba najua. Nilipofunga mlango ulikuwa umesimama nyuma yangu na soksi zako za sufi, ukanikumbatia. "You didn't give them anything. I'm so proud of you, Mum."

Nikaingia bafuni nikafungua maji yatoke kwa nguvu. Sijawahi kulia vile tangu bibi yako afe. Ulikuwa unamsifu mtu ambaye hukumjua, na aliyemficha asijulikane ni mimi.

Jana nilimwambia baba yako. Miaka yote hii hata yeye hakujua. Tulikuwa kwenye parking ya duka, tumetoka kukununulia ile adapta ya umeme. Akazima injini.

"Na why unaniambia saa hii? Mtoto ana-fly Friday."

"Ndiyo maana."

"Uki-mwambia ata-cancel. Hiyo scholarship itaenda hivyo."

"Huenda."

Akaangalia watu wakisukuma toroli zao.

"Huyo mzee ako na miaka ngapi?"

"Themanini na sita."

"Basi mwambie mtoto, Mama Mghoi. Huyo mzee hana time ya kukungoja."

Kwa hiyo nakuambia. Nilifikiria kumpigia Kaka simu, lakini kwenye simu hasikii tena; mjukuu ndiye husikia kisha akamwambia, na haya si ya kupitishia kwa mjukuu. Nimemwandikia barua yake, kwa Kiingereza, kwa mwandiko aliosema unasomeka. Iko ndani ya bahasha hii, sijaifunga, isome. Nimeandika jina langu lote, chuo, mwaka, na mtaa ninaokaa sasa, ili aweze kumwonyesha yeyote aliyewahi kumwita dalali, na asiyeamini aje aniulize. Anwani niliiandika mwisho kabisa. Makaratasi yangu yote yako sawa siku hizi na bado niliogopa kuiandika.

Barua hii ya kwako nitakupa leo mkononi, mara nitakapoiweka kalamu chini. Nilitaka kuichomeka kwenye begi uisome ukiwa hewani, kisha nikaona huo ni ujanja wangu uleule, maana hewani huwezi kushuka. Ukiamua kutokwenda, nitakaa nawe tuwaandikie waliokupa nafasi, na sababu nitaiandika mimi. Ukiamua kwenda, usifungue sanduku kwanza. Mpe mzee bahasha yake ukiwa bado umesimama. Akikwambia urudi ulikotoka, usibishane naye. Na ile sentensi ya kwanza ya insha yako lazima ifutwe, popote ilipo, hilo nakuomba kama mama.

Najua utakasirika. Una haki, na mimi sitakuambia ulainike. Nakuomba moja tu. Huko uendako utakosea, kama kila mtu. Siku hiyohiyo sema. Sema ukitetemeka, sema hata kama utaonekana mjinga. Langu lingesemwa wiki ile, lingekuwa aibu ya msichana wa miaka ishirini na moja. Nimelikalia mpaka limekuwa maisha ya mtu mwingine, na hayo siwezi kumrudishia.

Ile karatasi yako ya maswali nimeiweka humu pia. Swali la kumi na saba nimeliandika upya pembeni, herufi kubwa, chini ya mahali nilipolikata. Usimwulize Kaka. Chini yake nimekujibu, uweze kunukuu: chumba walichokuwamo kilikuwa changu. Mlango ulikuwa wangu.

Sasa nasikia umeshinda, viatu vimerudi sandukuni. Natoka kukuletea hii, kisha nitakuwa jikoni nasukuma chapati zako za safari. Njoo ukimaliza kusoma, hata kama ni kunigombeza. Kwa Kiingereza ni sawa.

Mama yako,
Wakio